UFUNDI NA MASHINE: Vali Zinazogonga katika Pikipiki ya Zamani

Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya msitu wa Kakamega, sauti za pikipiki husikika katika barabara zote ziingiazo mjini: kutoka Shinyalu, kutoka Malava, kutoka Mumias, na kutoka Khayega kwa njia ya Kisumu. Nyingi ni pikipiki mpya zichukuazo abiria. Lakini mara moja moja hupita mashine yenye sauti nyingine, sauti ya kugonga kama cherehani iliyochakaa, na mafundi walioketi katika mabanda yao huinua vichwa kabla hawajaiona. Hiyo ni pikipiki yenye umri wa miaka thelathini au arobaini, na mgongo huo hutoka kichwani mwa injini, mahali pa vali.

Mwenye mashine ya namna hiyo huwa na maswali mawili. La kwanza, je, kugonga huko ni hatari? La pili, ni kifaa kipi kibadilishwe ili kukome? Wengi hulikimbilia la pili kabla ya kulijibu la kwanza, na hapo ndipo fedha hupotea.

Watu wa magharibi ya Kenya wana historia ndefu na magurudumu mawili. Katika miaka ya 1960 huko Busia, mpakani na Uganda, vijana walianza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka mpaka cha pili, na jina la bodaboda likazaliwa huko. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, zile ambazo injini zake hazizidi sentimita za ujazo 250, pikipiki ziliingia nchini kwa wingi usiopata kuonekana. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa chombo cha watu wachache: bwana shamba, bwana mifugo, padre, au mwalimu aliyeweka akiba kwa miaka. Baadhi ya mashine za enzi hiyo zingali zikitembea, nazo ndizo habari ya leo, hasa moja iliyojulikana sana, Honda CG125.

Pikipiki hiyo ilitolewa mwaka 1976. Wahandisi walioibuni walikuwa wametazama jinsi pikipiki zitumiwavyo katika nchi ambazo mizigo ni mizito, vumbi ni jingi, na mafuta ya injini hubadilishwa siku yanapokumbukwa. Pikipiki nyingine za Honda za ukubwa ule zilikuwa na kamshafti juu kichwani, ikizungushwa na mnyororo mdogo. Wahandisi hao waliishusha kamshafti chini, ndani ya tumbo la injini karibu na mafuta, wakauondoa mnyororo, wakatia gia mbili na fimbo mbili ndefu za kupandisha mwendo hadi juu kwenye vali. Watu wa mashindano waliweza kusema kwamba huko ni kurudi nyuma, kwa kuwa fimbo ni mtindo wa kale. Lakini mashine hiyo haikukusudiwa mashindano. Ilikusudiwa njia za udongo mwekundu, na mtu asiye na nafasi ya kuifungua.

Kwa sababu hiyo ilienea mbali. Brazil iliiunda tangu mwaka ule ule wa 1976, Pakistan ilikuwa bado ikiiunda katika miaka ya 2020, na viwanda vya China vimeiga injini yake mara nyingi hata baadhi ya pikipiki za Kichina zilizouzwa Kenya zina mfumo ule ule wa gia, fimbo na mikono. Hii ni bahati kubwa kwa mwenye mashine ya zamani, maana vifaa vyake havijakwisha duniani. Mwenye BSA M20, ile pikipiki ya Kiingereza ambayo jeshi la Uingereza lilipewa zaidi ya 120,000 katika Vita Kuu ya Pili, hana bahati hiyo. Kampuni ya BSA ya Birmingham iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vifaa vyake sasa huagizwa kwa watu wa ng'ambo wanaozipenda mashine za kale. Hata hivyo BSA hiyo ina vifaa vichache vya kuchakaa: vali zake husimama ubavuni mwa silinda, wala hazihitaji mikono kichwani.

Yafaa kwanza kufahamu safari ya mwendo ndani ya injini ya Honda, kwani asiyeijua safari hii atabadilisha kifaa cha mwisho na kukiacha cha kwanza kikiendelea kuharibika. Krankshafti huzungusha gia ndogo. Gia hiyo huzungusha gia kubwa ya kamshafti, yenye meno maradufu, kwa hiyo kamshafti huzunguka mara moja krankshafti inapozunguka mara mbili. Juu ya kamshafti pana nundu moja tu. Injini nyingi zina nundu mbili, moja ya vali ya kuingizia petroli na hewa, na nyingine ya vali ya kutolea moshi. Katika injini hii nundu moja huzihudumia zote mbili. Nundu huinua mikono miwili ya chini, mmoja baada ya mwingine. Kila mkono husukuma fimbo yake juu, fimbo husukuma mkono wa juu, ambao mafundi huuita roka, na roka hubonyeza vali ikafunguka. Springi hurudisha vali mahali pake, na kila kitu kikashuka.

Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 2,500 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara arobaini kwa sekunde. Mtu akiendesha saa nzima kwa mwendo huo, nundu ile moja imekwisha kuinua vali mara 300,000. Chuma kinachofanya kazi ya namna hiyo hakiishi kwa ugumu wake peke yake. Huishi kwa utando mwembamba wa mafuta ukaao kati ya uso na uso.

Kati ya roka na ncha ya vali huachwa nafasi ndogo, ambayo kwa injini za aina hii huwa kwa kawaida milimita 0.08, karibu na unene wa karatasi moja. Nafasi hiyo ni lazima, kwa kuwa chuma hupanuka kwa joto. Isipokuwapo, vali haifungi sawasawa, moto hupenya pembeni yake, na ukingo wake huungua. Ikizidi, roka hugonga, na huo ndio mlio unaosikika barabarani.

Na achukuliwe kwa mfano mkulima wa upande wa Shinyalu, mwenye pikipiki iliyoachwa na baba yake, ambaye kila alfajiri hupeleka maziwa mjini katika madebe mawili yaliyofungwa nyuma. Maziwa hayangoji. Yakichelewa, mnunuzi amekwisha kununua kwa mwingine, na yakikaa juani hayanunuliwi na mtu. Injini ikaanza kugonga. Kijana mmoja mwenye spana kando ya njia akafungua kifuniko, akakaza misumari ya kurekebishia kwa kukadiria, akapiga kiki, na mlio ukatoweka.

"Mzee, kelele imekwisha," akasema.

Mkulima akafurahi, akalipa, akaenda. Majuma mawili baadaye, katikati ya kilima, injini ikapoteza nguvu ikazima. Kiki ikawa nyepesi kama baiskeli isiyo na mnyororo, maana mgandamizo ulikuwa umekwisha silindani. Siku hiyo aliisukuma kwa mkono, madebe yakiwa yamejaa. Mashine ilipofunguliwa na fundi mtu mzima, vali ya moshi ilikuwa imeungua ukingoni kama kipande cha mkate.

"Baba, hii haikuponywa," fundi akamwambia. "Ilikatwa ulimi tu isilie."

Kosa la namna hii ni la kila siku, na haifai kumlaumu kijana peke yake, kwa kuwa wenye mashine wenyewe huomba kelele iondolewe, wala hawaombi nafasi ipimwe. Injini igongayo kidogo inaweza kutembea miezi mingi bila kudhurika. Injini iliyonyamazishwa kwa kukazwa huungua mapema. Zaidi ya hayo, nafasi ya vali ya moshi hujipunguza yenyewe kwa muda, kwa sababu vali huzama polepole katika kiti chake. Ndiyo maana mwenye mashine ya zamani iliyonyamaza ghafula, bila ya kuguswa na mtu, hana sababu ya kushangilia. Yampasa kuipima siku hiyo hiyo.

Sasa, ikiwa nafasi imepimwa na kuwekwa sawa, na bado injini inagonga, ndipo uchakavu wenyewe utafutwe. Jambo la kwanza la kutazama ni ncha ya roka iguswayo na vali. Mahali hapo, palipokuwa laini na pa mviringo, huchimbika kishimo kidogo. Fila geji, yaani yale majani membamba ya chuma yaliyoandikwa unene wake, hupita juu ya kishimo bila kukiingia, kama ubao uliowekwa juu ya mtaro. Fundi husoma 0.08, na kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Akirudia mara kumi atapata jibu lile lile la uongo. Roka yenye kishimo haina dawa ya kurekebisha. Hubadilishwa, na ncha ya vali itazamwe pia, kwa sababu kishimo cha upande mmoja kina mwenzake upande wa pili.

Kisha roka itikiswe huku na huku juu ya msumari wake. Ikicheza kwa kuinuka na kushuka, tundu lake limepanuka. Fimbo nazo zitolewe na kuviringishwa juu ya kioo kilicholala sawa. Fimbo iliyopinda hurukaruka, wala jicho halihitaji kipimo kingine.

Uchakavu ulio mbaya kuliko wote ni ule wa nundu na mikono ya chini, kwa sababu hauonekani kutoka juu. Dalili yake ni kwamba pikipiki hutembea vizuri penye tambarare, lakini ikipanda kilima na mzigo hukosa pumzi, ijapokuwa kabureta ni safi na plagi ni mpya. Vali hazifunguki kiasi zilichokusudiwa, kwa hiyo injini hupumua kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni. Hapa ile nundu moja humsaidia fundi. Apime kwa kipimo cha vania ni kiasi gani kila vali hushuka injini inapozungushwa polepole kwa mkono. Vali moja ikishuka kidogo sana kuliko mwenzake, yaelekea ubaya ni wa mkono wake wa chini au wa roka yake, kwa kuwa nundu ni ile ile. Zote mbili zikishuka pungufu ya kipimo cha kitabu, basi nundu imeliwa.

Na nundu ikiliwa, haifai kubadilishwa peke yake. Hili fundi mwenye haraka hulikataa, na mwenye fedha kidogo hulikataa zaidi. Uso wa nundu na uso wa mkono wa chini umegumishwa kiwandani kwa kina kidogo tu. Chini yake chuma ni laini. Ngozi hiyo ngumu ikitoboka, kilichobaki huliwa upesi. Mkono wa zamani wenye mikwaruzo ukiwekwa juu ya nundu mpya, huikwaruza kwa muda mfupi, na mwenye mashine hurudi dukani kununua mara ya pili kile alichokwisha kununua. Nundu na mikono yake miwili ya chini ni kitu kimoja katika hesabu ya fedha. Ikiwa fedha hazitoshi vyote vitatu, ni afadhali kungoja mpaka zitoshe, huku pikipiki ikiendeshwa taratibu.

Mtu angeuliza, injini iliyobuniwa kwa ajili ya watu wasioitunza huliwaje? Jibu ni kwamba ilibuniwa ivumilie, si kwamba haihitaji. Mafuta yake yote ni kama lita moja tu, na lita hiyo hulainisha nundu, giaboksi, klachi na pistoni kwa pamoja. Halina chujio la karatasi. Lina wavu mdogo unaozuia vipande vikubwa, na kikombe kinachozunguka pamoja na krankshafti ambacho hutupa uchafu mzito kwenye kuta zake. Uchafu huo hukaa humo mpaka mtu aufute. Ukijaa, kikombe hakifanyi kazi tena. Katika mashine nyingi za zamani zilizofunguliwa, kikombe hicho hukutwa kimejaa tope jeusi gumu kama lami, dalili kwamba hakijafunguliwa tangu pikipiki iliponunuliwa.

Mwendesha bodaboda afanyaye kilomita 100 kwa siku humaliza kilomita 1,500 katika siku kumi na tano. Mkulima wa maziwa hapo juu huenda akachukua miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kusema "mafuta hubadilishwa kila mwezi" hakuna maana. Lazima kilomita zihesabiwe, na kwa injini iliyozeeka, ichukuayo mzigo katika vumbi, 1,500 si kiasi kidogo. Mafuta yawe ya pikipiki, ya aina ya 20W-50 au 10W-40, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Baadhi ya mafuta ya motokaa yametiwa dawa ya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki hii imelowa katika mafuta yale yale, huanza kuteleza. Mafuta yaliyotumika, yaliyochujwa kwa kitambaa na kuuzwa tena kwa chupa ya soda, yasiingie kabisa. Kitambaa hakizuii unga wa chuma.

Juu ya kununua vifaa, mwenye mashine aende dukani na kifaa cha zamani mkononi. Maduka ya Kakamega na Kisumu huuza vifaa vya injini za fimbo za Kichina, na huko Nairobi barabara ya Kirinyaga imejulikana kwa vifaa vya kila namna. Lakini injini ya 125 na ya 150 hufanana kwa sura, na vifaa vyake si lazima vifanane kwa urefu. Fimbo ya zamani na mpya zilazwe pamoja juu ya kaunta. Meno ya gia yahesabiwe. Tundu la kamshafti lijaribiwe kwa msumari wa zamani. Mwenye duka mwema hatachukia, na anayechukia amekwisha kujieleza.

Ugumu wa chuma nao wajaribika. Tupa mpya ikipitishwa kidogo sana ukingoni mwa uso wa mkono wa chini, mahali ambapo nundu haifiki, itateleza kama juu ya kioo ikiwa uso umegumishwa. Ikiuma na kutoa vumbi la chuma, kifaa hicho ni laini na hakitadumu. Mafundi wazee hulifanya jaribio hili bila kusema neno, kisha hurudisha kifaa juu ya kaunta.

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa fundi mwangalifu. Ianze asubuhi injini ikiwa baridi. Kwanza mashine ioshwe, kwa kuwa udongo mwekundu ulioganda juu ya kichwa utaanguka ndani mara kifuniko kitakapoinuliwa, na mchanga ndio adui aliyeleta ugonjwa. Tangi liondolewe, plagi itolewe, mafuta yamwagwe yapite juu ya kitambaa cheupe ili chembe za chuma zionekane.

Kifuniko cha kichwa kikitoka, injini izungushwe polepole mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ikutane na alama ya kifuniko, na roka zote mbili ziwe legevu. Ikiwa roka moja imebana, injini iko katika mzunguko usiotakiwa. Izungushwe mara moja tena. Kisha roka zifunguliwe, na kabla ya hapo shimo la fimbo lizibwe kwa kitambaa safi. Nati moja ndogo ikiteleza shimoni humo huenda ikashuka hadi tumboni mwa injini, na kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Kila fimbo na kila roka iwekewe alama ya upande wake, maana vifaa vilivyozoeana havipendi kubadilishana mahali.

Kamshafti huketi upande wa sumaku. Gurudumu la sumaku limekazwa juu ya ncha ya krankshafti iliyochongoka, na hutolewa kwa chombo chake maalumu, ambacho mafundi hukiita pula. Kulipiga nyundo ni kuivunja sumaku au kuipinda krankshafti, na mashine ngapi zimekufa kwa nyundo badala ya uzee! Ile chaviti ndogo ya chuma iliyo chini ya gurudumu ihifadhiwe, kwani ndiyo iongozayo majira ya moto wa plagi.

Gia zikionekana, zitazamwe kabla hazijaguswa. Gia ndogo ina alama, na gia kubwa ina alama. Zinapokutana, vali na pistoni ziko katika majira yao. Vifaa vipya vipakwe mafuta safi kwa wingi, nundu hasa, kwa sababu katika dakika ya kwanza mafuta hayajazunguka. Kisha gia zirudishwe alama kwa alama. Jino moja likipitwa, injini huwa ngumu kuwaka, hupiga miguu kwa kiki, na haina nguvu. Yakizidi, vali yaweza kukutana na pistoni. Kwa hiyo baada ya kufunga, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, na alama zitazamwe tena. Mkono ukihisi kizuizi kigumu, usilazimishe.

Kwa mkulima wa maziwa, ambaye vali yake iliungua, kichwa chote kilipaswa kushuka. Huko kazi huongezeka: vali mpya husagwa juu ya kiti chake kwa unga wa kusagia uliochanganywa na grisi, mpaka utokee mviringo wa kijivu usiokatika popote. Springi zake zilinganishwe urefu na mpya. Vali itikiswe katika mwongozo wake. Ikicheza, mwongozo nao umekwisha, na moshi wa buluu utokao mtu anapoachia petroli mlimani ni ushahidi wake. Jaribio la mwisho ni rahisi: kichwa kilichofungwa vali zake kimiminiwe petroli kidogo katika njia ya moshi, kisha kitazamwe upande wa chini. Pakikaa pakavu kwa dakika chache, vali imefunga. Palipolowa, isagwe tena. Nati za kichwa zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, zamu kwa zamu, na gasketi iwe mpya hata kama ile ya zamani inapendeza macho.

Nafasi ya vali iwekwe 0.08, au kama kitabu cha mashine hiyo kinavyosema, jani la fila geji likipita kwa kusuguana kidogo bila kubana. Nati ya kufungia ikikazwa, ipimwe tena, kwa kuwa kukaza hubadili kipimo. Mafuta mapya yatiwe, wavu na kikombe vikiwa vimesafishwa. Kabla ya kurudisha kifuniko cha juu, injini iwashwe taratibu kwa muda mfupi, na roka zitazamwe zinalowa. Zikibaki kavu, njia ya mafuta ipandayo kichwani imeziba, na haifai kuendelea mpaka izibuliwe, maana hapo ndipo roka za kwanza zilipokufa.

Fundi yule alimaliza jioni. Injini ilipowaka ilisikika bado ikigonga kidogo, tik-tik nyepesi, na mkulima akamtazama kwa wasiwasi.

"Hiyo iache, baba," fundi akasema. "Ndivyo inavyozungumza ikiwa mzima. Kilomita hamsini za kwanza usiikimbize, kisha uniletee nipime tena, na mafuta haya tuyamwage hata kama yanaonekana safi."

Alirudi siku ya nne. Nafasi ya vali ya moshi ilikuwa imepungua kidogo, kama ilivyotazamiwa kwa kiti kipya, ikarekebishwa injini ikiwa baridi. Katika kitambaa cheupe zilionekana chembe chache za kumeta, za vifaa vipya vikizoeana, wala si vipande. Mkulima akatoa daftari lake la maziwa, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika hesabu ya kilomita iliyokuwa katika saa ya pikipiki, na chini yake ile hesabu pamoja na 1,500.